Voi na maji ya injini: kutoka gari moshi hadi kulanti

Wadau, leo tuweke programu kando kidogo. Jamaa wengi wa huku Voi huniuliza: "Kulanti ni ya Ulaya kwenye theluji, sisi si maji yanatosha?" Mimi ni mtu wa kompyuta, si fundi wa magari, lakini jibu limo kwenye historia ya hapa hapa kwetu.

Injini za kwanza zilifika Voi na kiu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa mwaka 1897. Njiani kuna nyika kavu ya Taru, na maji ya wajenzi yalibebwa kwa treni. Gari moshi lenyewe hunywa maji na kuyatoa kama mvuke, kwa hiyo hujazwa tena na tena. Maji yakiwa na chumvi, chumvi hubaki ndani ya boila kama ule ukoko mweupe wa birika.

Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walianza reli nyingine kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, wawakabili Wajerumani. Maji yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura hadi Maktau. Mwaka huohuo yakaja magari ya deraya ya Rolls-Royce. Rejeta za zama hizo zikichemka, maji yalipotea hewani. Katika nyika ile, maji yalikuwa na thamani sawa na petroli.

Nchi za baridi zilikuwa na shida yao: maji yakiganda hupasua injini. Walichanganya alkoholi, lakini iliwahi kuruka na mvuke. Mwaka 1927 Prestone yenye ethilini glikoli ikaanza kuuzwa Marekani. Hapo ndipo kulanti ilipopata sifa ya kuwa dawa ya theluji.

Kumbe glikoli huchelewesha pia kuchemka! Voi iko zaidi ya mita 500 juu ya bahari, maji matupu huchemka karibu nyuzi 98. Ukichanganya nusu kwa nusu unavuka 105, na kifuniko cha presha huongeza zaidi. Tena kulanti ina dawa za kuzuia kutu, nazo huisha nguvu hata rejeta ikiwa imejaa.

Kwa hiyo:

1. Fuata kitabu cha gari, si rangi. Rangi ni kama jina la faili, haikuhakikishii kilichomo.
2. Kulanti nzito ichanganye na maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri (si asidi!), si ya kisima.
3. Ibadilishe muda wake ukifika.
4. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Matatu iliyojaa abiria ikipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi haina nafasi ya kubahatisha. Haya, tuonane wiki ijayo.