Hospitali zaipa kisogo nukushi, zageukia njia salama za kielektroniki

MASHINE ya nukushi, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa njia kuu ya hospitali kupelekeana majibu ya vipimo, barua za rufaa na orodha za wagonjwa, inaendelea kuondolewa katika nchi kadhaa zilizoendelea. Nafasi yake inachukuliwa na barua pepe zenye ulinzi na mifumo ya rufaa ya kielektroniki.

Chanzo cha mabadiliko hayo ni usalama wa mgonjwa na siri zake. Karatasi ya nukushi ikipotea njiani, mgonjwa anaweza kusubiri miadi ambayo hakuna aliyeipanga. Ikifika mahali pasipostahili, maradhi yake husomwa na mtu baki.

Asili ya nukushi

Wazo la kupeleka picha kwa waya ni la zamani kuliko simu yenyewe. Mskoti Alexander Bain alisajili hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1843. Hata hivyo, nukushi ilienea maofisini baada ya kiwango cha kimataifa cha mwaka 1980, kilichowezesha mashine za watengenezaji mbalimbali kuelewana na ukurasa mmoja kupita kwenye waya wa simu kwa takriban dakika moja.

Hospitali ziliipenda kwa sababu haikuhitaji mafunzo marefu, ilipeleka saini ya daktari kama ilivyo na haikumtaka mpokeaji awe na mfumo wa kompyuta unaofanana na wa mtumaji. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo iliyoirefushia maisha. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2009 ilitoa fedha nyingi ili hospitali ziweke kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Lakini mifumo mingi ya kampuni zinazoshindana haikuweza kubadilishana taarifa, hivyo watumishi waliendelea kuchapa majalada ya wagonjwa na kuyatuma kwa nukushi.

Udhaifu wake

Kasoro ya kwanza ni namba. Kosa la tarakimu moja hupeleka waraka kwa mtu mwingine, na mashine ya mtumaji huonyesha kuwa kazi imekamilika salama.

Mfano uko London. Kuanzia Machi 2011, orodha za wagonjwa wa kitengo kimoja cha huduma shufaa zilitumwa kwa nukushi kwenye namba isiyo sahihi. Kwa miezi mitatu mtu asiyehusika alipokea nukushi zipatazo 45 zenye taarifa za watu 59, yakiwamo maradhi yao, hali zao za nyumbani na maagizo kuhusu kuhuishwa iwapo moyo ungesimama. Kosa lilijulikana pale mpokeaji huyo mwenyewe alipotoa taarifa. Mwaka 2012 taasisi iliyohusika ilitozwa faini ya pauni 90,000 na msimamizi wa sheria ya taarifa wa Uingereza.

Kasoro ya pili ni karatasi kulala kwenye trei, ambako yeyote anayepita anaweza kuisoma au kuichukua. Aidha, mashine haiweki kumbukumbu ya nani aliyeusoma waraka.

Hata imani kwamba waya wa simu hauwezi kuingiliwa na wahalifu wa mtandao ilitikiswa. Agosti 2018, watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha kuwa mtu mwenye namba ya nukushi pekee angeweza kuiteka mashine iliyounganishwa na kompyuta za ofisi, na kupitia hapo kuingia katika mtandao mzima.

Amri ya Uingereza

Mwaka huohuo, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji kiliripoti kuwa hospitali za umma za England zilikuwa na mashine za nukushi karibu 9,000. Desemba 2018, Matt Hancock, aliyekuwa Waziri wa Afya, alipiga marufuku ununuzi wa mashine mpya kuanzia Januari 2019 na kuagiza zote ziondolewe ifikapo Machi 31, 2020. Si zote zilizoondoka kwa tarehe hiyo, lakini mwelekeo ulikuwa umekwisha kuwekwa. Tangu Oktoba 2018, hospitali hizo zilikuwa hazilipwi kwa miadi ya kwanza ya rufaa za madaktari wa kawaida isiyopitia mfumo wa kielektroniki.

Nchini Japani, janga la korona lilifichua gharama ya kuchelewa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 madaktari walijaza fomu za wagonjwa wapya kwa mkono na kuzituma kwa nukushi katika vituo vya afya ya jamii. Mfumo wa mtandao ulianza kutumika Mei mwaka huo.

Njia mpya inavyofanya kazi

Katika utumaji salama, waraka hugeuzwa kuwa mafumbo kabla ya kusafiri, na asiye na ufunguo akiunasa njiani haambulii kitu. Mpokeaji huchaguliwa kutoka orodha iliyohakikiwa badala ya kupigiwa namba, naye huingia kwa utambulisho wake. Mfumo huandika saa waraka ulipotumwa, ulipofunguliwa na aliyeufungua. Rufaa isiyofunguliwa inaweza kuonekana na kufuatiliwa kabla mgonjwa hajadhurika.

Hii ni tofauti na huduma ya nukushi kwa njia ya intaneti, ambayo humwezesha mtumaji kutumia kompyuta lakini waraka bado huenda kwenye namba ya nukushi. Huduma hiyo hupunguza karatasi, ila hatari ya namba isiyo sahihi hubaki palepale.

Tahadhari

Njia za kielektroniki nazo zina hatari zake. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi za England na maelfu ya miadi yakafutwa. Ndiyo maana hospitali inayong'oa nukushi hupaswa kwanza kuorodhesha kila mashine na kazi yake, kuwaarifu maabara, maduka ya dawa na zahanati zinazoitegemea, na kuweka utaratibu wa dharura iwapo mtandao utakatika.

Kwa Afrika Mashariki, wajibu huo una nguvu ya kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hivyo kituo cha tiba kinachotuma jibu la kipimo, iwe kwa karatasi, barua pepe au simu ya mkononi, kinawajibika kulilinda hadi limfikie anayestahili.