Matendo ya Huruma: Kumfikia Jirani Angali Hai



Habari ya kifo husambaa upesi katika mitaa ya Kihesa. Kabla jua halijazama, turubai limekwisha kufungwa, viti vimeletwa, akina mama wameinjika masufuria, na katibu wa jumuiya amefungua daftari la michango. Huyu analeta unga, yule kuni, mwingine nauli ya ndugu anayetoka Mafinga au Mbeya. Hata jirani asiyekuwa na kitu huja na mikono yake. Huu ni utajiri mkubwa tuliorithi kwa wazee wetu, nao ukathibitishwa na Injili.

Hata hivyo, lipo swali linalotupasa kujiuliza kwa unyofu: huyu tunayemlilia leo, ni wangapi kati yetu tuliingia nyumbani mwake alipokuwa akiugua? Makala hii inaeleza kwa ufupi mafundisho ya Kanisa juu ya matendo ya huruma, na kwa namna ya pekee tendo la kuwatembelea wagonjwa, ili huruma yetu imfikie jirani angali hai.

Huruma ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku, huruma ni ule uchungu unaomshika mtu moyoni anapoona shida ya mwenzake. Maandiko Matakatifu yanakwenda mbele zaidi. Neno la Kiebrania *rahamim*, linalotumika katika Agano la Kale kueleza huruma ya Mungu, lina uhusiano na *rehem*, yaani tumbo la uzazi. Neno letu “rehema”, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni la ukoo huohuo. Mungu anatuhurumia kama mama anavyomhurumia mtoto aliyemchukua tumboni mwake.

Wainjili nao wanapoeleza huruma ya Yesu hutumia kitenzi cha Kigiriki kinachotokana na neno lenye maana ya matumbo. Alipokutana na mjane wa Naini akienda kumzika mwanawe wa pekee (Lk 7:11-17), Bwana aliguswa hadi ndani kabisa. Wala hakuishia hapo: alikaribia, akaligusa jeneza, akasema na kijana, akamrudisha kwa mama yake. Ndivyo ilivyo popote katika Injili. Huruma ya Yesu huanza na macho yanayoona, ikapita moyoni, na kuishia katika mikono inayotenda. Uchungu usiofika mikononi bado haujawa huruma kamili.

Matendo kumi na manne

Mapokeo ya Kanisa, yanayofundishwa pia na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2447), yanataja matendo ya huruma ya namna mbili.

Matendo saba ya kimwili ni kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni, kuwatembelea wagonjwa, kuwatembelea wafungwa, na kuwazika wafu.

Matendo saba ya kiroho ni kuwashauri wenye mashaka, kuwafundisha wasiojua, kuwaonya wakosefu, kuwafariji wenye huzuni, kusamehe makosa, kuwavumilia wanaotusumbua, na kuwaombea walio hai na wafu.

Tuangalie kwa makini orodha ile ya kwanza. Matendo sita ya mwanzo yanatoka katika mafundisho ya Bwana wetu juu ya hukumu ya mwisho (Mt 25:31-46). Tendo la saba, la kuwazika wafu, liliongezwa na Kanisa baadaye kwa mfano wa Tobiti, ambaye akiwa uhamishoni Ninawi aliwazika ndugu zake waliouawa, ingawa kufanya hivyo kulimhatarishia maisha (Tob 1:16-20). Kuzika wafu ni tendo takatifu, wala mtu asilidharau. Lakini katika matendo saba ya kimwili, sita yanamtaka jirani awe hai. Mbele ya kiti cha hukumu Bwana atatuuliza juu ya njaa aliyokuwa nayo, ugonjwa uliomlaza, na kifungo kilichomtenga. Hayo yote hayana dawa tena baada ya jeneza kufungwa.

Ndivyo alivyotenda pia Msamaria Mwema (Lk 10:25-37). Alimkuta mtu yuko nusu ya kufa, na nusu ile iliyobaki ndiyo aliyoihudumia. Akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamtunza katika nyumba ya wageni, na kesho yake akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi. Tuone kwamba fedha ilikuja siku ya pili. Siku ya kwanza alitoa muda wake na mikono yake.

Alhamisi ambayo haikufika

Naomba niungame jambo moja. Katika miaka yangu ya kwanza ya upadre, nikiwa paroko msaidizi, nilitambua kwamba bibi mmoja aliyezoea kuketi benchi la mbele haonekani Misani. Nikajiambia nitakwenda kwake Alhamisi. Alhamisi ile kukawa na kikao, na iliyofuata kukawa na safari. Jumatatu iliyofuata niliitwa kwenda kumzika.

Watu walijaa hadi barabarani. Michango ilizidi mahitaji, hata viongozi wakashauriana wafanye nini na kilichobaki. Nilihubiri juu ya ufufuko, na nadhani nilihubiri vizuri. Wakati wa kuondoka, mama jirani alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote: “Padri, bibi alikuwa anakuulizia. Alitamani Komunyo. Na siku nyingine alikosa mtu wa kumchotea maji.”

Sijapata kusahau maneno hayo. Ndoo moja ya maji, katika mtaa wenye watu wengi kiasi kile! Hatukuwa wakatili, sisi wote tuliokuwepo makaburini siku ile. Kila mmoja alidhani mwingine amekwisha kwenda.

Mpako wa Wagonjwa si tangazo la kifo

Kuchelewa huku kunaonekana pia katika maisha ya sakramenti. Mara nyingi padri huitwa saa ambayo mgonjwa hawezi tena kusema, kwa sababu familia inaogopa kwamba akimwona padri atajua kuwa anakufa. Hofu hiyo ina historia yake. Kwa karne nyingi sakramenti hii iliitwa Mpako wa Mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba inafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa, kwa kuwa si sakramenti ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Mwaka 1972 Mtakatifu Paulo VI aliidhinisha ibada yake mpya. Mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee, wakati wa kumpaka umekwisha kufika. Mtume Yakobo anamwelekeza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta (Yak 5:14-15), naye anasema juu ya mtu anayeweza bado kuita.

Basi mwiteni padri mapema. Mgonjwa apate kuungama kwa utulivu, apakwe mafuta, apokee Ekaristi, na aombewe akiwa na masikio ya kusikia anavyopendwa.

Urithi wa jimbo letu

Jimbo letu halijaanza leo kujifunza huruma ya namna hii. Mwaka 1919 wamisionari wa Konsolata walifika Iringa kuendeleza kazi iliyoanzishwa na Wabenedikto huko Tosamaganga. Mwanzilishi wao, Padri Yosefu Allamano wa Torino, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Fransisko tarehe 20 Oktoba 2024, hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Lakini aliwafundisha wanawe kutenda mema vizuri na bila kelele. Tosamaganga hadi leo ina hospitali na kituo cha kulelea watoto, mahali ambapo huruma hutendwa kila siku, pasipo turubai wala daftari.

Nyanda hizi zilijaribiwa pia kwa ugonjwa wa UKIMWI. Wengi wetu tuliokua katika miaka ya 1980 na 1990 tunakumbuka wagonjwa waliofichwa vyumba vya nyuma, sahani zao zikitengwa, majina yao yakisemwa kwa kunong’ona. Wapo pia waliovuka hofu hiyo, wakawaogesha, wakawalisha, na kulea watoto walioachwa. Tangu mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa bila malipo dawa za kufubaza virusi, hali imebadilika sana, na anayetumia dawa vizuri huishi, hufanya kazi na kulea watoto wake. Lakini mzigo haujaondoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, asilimia 4.4 nchini wanaishi na VVU. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa mkoa wetu ni karibu mtu mmoja kati ya tisa.

Maana yake ni kwamba katika jumuiya zetu yumo anayebeba mzigo huu, naye husikia kila tunalosema. Hatuna haja ya kumjua ni nani. Tunachohitaji ni ulimi usiomjeruhi. Mzaha mmoja baada ya sala waweza kumfanya mtu aache kwenda kliniki kwa kuogopa kuonekana. Kutunza siri ya mgonjwa ni tendo la huruma, ingawa hakuna atakayelisifu.

Jumuiya Ndogo Ndogo: mahali pa kuanzia

Maaskofu wa AMECEA, katika mkutano wao wa mwaka 1976, waliweka ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika Afrika Mashariki. Jumuiya ni ndogo ili mtu asipotee ndani yake. Kanisani, kati ya mamia, ni rahisi mmoja kukosekana bila kutambuliwa. Katika nyumba kumi na tano si rahisi. Kwa hiyo napendekeza mambo haya, ambayo hayahitaji bajeti wala kikao cha parokia.

*Mwulizeni asiyekuwepo.* Kila jumuiya inapokutana, kabla ya sala ya kufunga, kiongozi aulize: “Ni nani hatujamwona?” Jina likitajwa, watu wawili wapewe jukumu la kwenda, na wiki inayofuata waseme kama wamefika. Tusiseme “tutamtembelea”, kwa maana kazi ya wote huishia kuwa kazi ya hakuna.

*Nendeni na mikono.* Mgonjwa na familia yake wanahitaji maji, mkaa, kufuliwa nguo, mtoto kupelekwa shule, mtu wa kushika nafasi kwenye foleni ya kliniki. Katika baridi ya Juni na Julai, blanketi moja ni mahubiri marefu.

*Kaeni kidogo, semeni kidogo.* Bisheni hodi, ulizeni kama ni wakati mwafaka. “Ugua pole” na sala fupi vinatosha. Tusimwambie jinsi alivyokonda, wala kumsimulia habari za aliyekufa kwa ugonjwa kama wake.

*Mkumbukeni anayeuguza.* Nyuma ya kila mgonjwa yupo mama, binti au mume asiyelala. Kumwambia, “Dada, leo nitakesha mimi, wewe kapumzike,” ni kuwahudumia wawili kwa mara moja.

*Tengeni sehemu ya mfuko kwa walio hai.* Jumuiya zinazoweka akiba ya misiba zinaweza kukubaliana kwamba sehemu yake isaidie nauli na dawa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

*Vukeni uzio wa dini.* Kihesa tunaishi na Walutheri, Waanglikana na Waislamu. Wapo pia wanafunzi wa vyuo waliopanga vyumba mbali na wazazi wao; mwanafunzi anayeumwa peke yake chumbani ni mgeni na mgonjwa kwa wakati mmoja. Msamaria hakumwuliza majeruhi dhehebu lake.

Hitimisho

Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari, katika kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, kama alivyopanga Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Ni siku njema, lakini wagonjwa wetu wapo pia tarehe 12.

Ndugu mpendwa, ukimaliza kusoma makala hii, huenda jina moja limekwisha kukujia moyoni. Ni mtu uliyekusudia kumwona, na kila wiki limetokea jambo. Usingoje Alhamisi. Nenda leo, hata kwa robo saa, hata mikono mitupu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na Bwana wetu alisema waziwazi ni nani tunayemkuta kitandani pale.

Mungu mwenye huruma awabariki nyote, awafariji wagonjwa wetu, na awatie nguvu wanaowauguza. Amina.