Sultan Hamud: Kura ya Ukambani na Njia ya Ikulu

Kwa reli ya zamani, maili 250 hivi kutoka Mombasa, kuna mji wa Ukambani unaobeba jina la mtawala ambaye hakuwahi kuutawala. Hamud bin Mohammed alikalia kiti cha Zanzibar Agosti 1896, baada ya mizinga ya Waingereza kulibomoa jumba la kifalme kwa muda usiotimia saa moja. Mamlaka yake upande wa bara, hata kwenye karatasi, hayakuvuka ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Inasimuliwa kwamba reli ilipokuwa ikijengwa alipanda treni kwenda kujionea kazi, na pale reli ilipokuwa imeishia siku hiyo pakapewa jina lake. Wenye ardhi hawakuulizwa. Wakamba wa vilima vya Mbooni na Kilungu, pamoja na Wamaasai waliolisha mifugo upande wa magharibi ambako leo ni Kajiado, waliamka wakakuta stesheni yenye jina la sultani wa Unguja.

Naanza na jina hilo kwa sababu makala hii inahusu kuulizwa. Karibu karne nzima ilipita tangu reli ifike hapo kabla mkazi wa Sultan Hamud hajapewa karatasi ya kura yenye majina ya watu wanaotaka kuitawala nchi. Siku hiyo ilikuwa Desemba 29, 1992.

Kimya cha miaka hiyo yote hakikuwa cha watu wasio na neno. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, ikidai kwamba ardhi imechoka, na ng'ombe wakaswagwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association waliongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakimtaka gavana awasikilize. Mbingu akahamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini serikali ililazimika kurudi nyuma. Mpaka leo sijaona tendo la kisiasa Ukambani linalolizidi hilo kwa uzito, na halikuhitaji sanduku la kura.

Sanduku lilipokuja, lilikuja kwa kipimo. Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria Machi 1957, na sheria ya wakati huo iliwapa baadhi ya watu kura moja, wengine mbili na wengine tatu, kulingana na elimu, mali au utumishi wao. James Muimi ndiye aliyewakilisha Ukambani. Kufikia uchaguzi wa Mei 1963 kila mtu mzima alikuwa na kura moja, na Ukambani ikaitumia kwa namna ambayo ingejirudia mara nyingi baadaye: ikamfuata mtu wake. Paul Ngei, mmoja wa viongozi sita waliohukumiwa Kapenguria enzi za ukoloni, alikuwa amejitenga na chama cha KANU na kuunda African People's Party, na viti vingi vya Ukambani vikaangukia chama hicho. Mwaka haujaisha, Ngei alikuwa amerudi KANU na chama chake kikazikwa. Wapiga kura walikuwa wamemkopesha sauti yao, naye akaipeleka mezani.

Urais wenyewe haukupigiwa kura. Jomo Kenyatta alipita bila kupingwa mwaka 1969 na 1974, na mrithi wake Moi vivyo hivyo mwaka 1979, 1983 na 1988. Kilichobaki kwa mwananchi kilikuwa kumchagua mbunge, na mwaka 1988 hata hilo likafanywa kwa mlolongo: watu wakajipanga nyuma ya wakala wa mgombea mchana kweupe, na aliyepita asilimia 70 kwenye mchujo akahesabiwa ameshinda bila kura ya siri. Katika mji mdogo wa kando ya barabara, ambako chifu, mwenye duka na mwalimu mkuu wote wanakujua kwa jina la baba yako, mtu alijipanga akijua anatazamwa.

Kwa hiyo Desemba 1992 ilikuwa na uzito wake. Wilaya ya Makueni ilikuwa imetoka kumegwa kutoka Machakos mwaka huohuo. Wenye umri wa kumbukumbu watakubali kwamba Desemba Ukambani ni mwezi wa kipekee. Mvua za vuli ndizo tegemeo la mkulima wa huko, kwa hiyo watu wanapalilia mahindi, kunde na ndengu, na waliokwenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi wanarudi kwa ajili ya Krismasi. Uchaguzi wa Desemba uliwakuta nyumbani.

Hesabu za mwaka huo zinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko tulivyozoea. Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura zote. Wagombea wa upinzani, Matiba, Kibaki na Oginga Odinga, wakagawana karibu zote zilizobaki. Lakini wingi pekee haukutosha. Sheria mpya ilimtaka mshindi apate angalau robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, la sivyo wawili wa kwanza wangerudiana. Moi alivuka robo katika mikoa mitano kamili, wala hakuongeza hata mmoja: Bonde la Ufa, Pwani, Kaskazini Mashariki, Magharibi na Mashariki. Huo wa mwisho ndio uliokuwa mkoa wa Sultan Hamud. Meru na Embu zilimwelemea Kibaki wa Democratic Party, ambaye ndiye aliyeongoza mkoani. Robo ya Moi ilitoka kwa sehemu kubwa Ukambani, ambako kigogo wa KANU Mulu Mutisya na mtandao wa chama walikuwa bado na nguvu, hata kama akina Agnes Ndetei kule Kibwezi na Charity Ngilu kule Kitui ya Kati walishinda ubunge kwa tiketi ya DP.

Ondoa Mkoa wa Mashariki, Moi anabaki na minne, na Kenya inakwenda duru ya pili mbele ya upinzani uliokuwa na zaidi ya nusu ya kura. Husemwa mara kwa mara kwamba Ukambani haijawahi kutoa rais. Ni kweli. Lakini mwaka 1992 Ukambani ilisaidia sana kumbakiza mmoja, na mpaka leo hakuna anayeitaja kwa hilo.

Miaka mitano baadaye mambo yalijirudia kwa njia ya kustaajabisha zaidi. Charity Ngilu, mzaliwa wa Mbooni aliyeolewa Kitui, aligombea urais kwa tiketi ya Social Democratic Party. Yeye na Wangari Maathai walikuwa wanawake wa kwanza kuwania kiti hicho nchini Kenya. Ukambani ilimwitikia. Katika Mkoa wa Mashariki, Moi, Ngilu na Kibaki walikaribiana, kila mmoja akipita robo. Kitaifa Ngilu alipata kura 488,600 hivi, chini kidogo ya asilimia nane, akawa wa tano.

Kumpa mwanamke kura nyingi namna hiyo mwaka 1997, katika nchi ambayo wabunge wanawake wote wangeenea kwenye matatu moja, kulihitaji ujasiri wa wapiga kura ambao hawasifiwi vya kutosha. Ila hesabu ilikuwa na ukali wake. Ngilu aliigawa kura ya upinzani mkoani, Moi akaongoza Mashariki, na kwa mara nyingine mikoa aliyoipata kwa robo ilikuwa mitano kamili. Simlaumu Ngilu wala waliompigia. Mpiga kura wa Sultan Hamud hana wajibu wa kuahirisha imani yake ili hesabu za Nairobi zikae sawa. Lakini ni haki ajue kura yake ilikwenda wapi.

Mwaka 2002 ulikuwa mwepesi. Ngilu na Kalonzo Musyoka wote walikuwa ndani ya muungano wa NARC, Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60 kitaifa, na Ukambani ikasherehekea pamoja na nchi. Katika kura ya maoni ya 2005 wengi wa Ukambani walifuata Chungwa, alama ya kura ya La, wakaikataa katiba iliyopendekezwa, Kalonzo akiwa upande huo. Kisha ikaja Desemba 2007, na Kalonzo, mwana wa Tseikuru kule Mwingi, akasimama kwa tiketi ya ODM-Kenya. Alipewa kura 879,903, nyingi zikitoka Ukambani. Kibaki alitangazwa na 4,584,721 na Raila Odinga na 4,352,993, tofauti ndogo kuliko hata theluthi ya kura za Kalonzo. Nchi ikaingia katika umwagaji damu, na Januari 2008 Kalonzo akaapishwa makamu wa rais. Kama Ngei mwaka 1963, alikuwa amebeba sauti ya Ukambani mezani akarudi na kiti.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hesabu yenyewe. Mikoa ikaondoka, kaunti 47 zikaja, Makueni ikiwa mojawapo na Sultan Hamud ikiwa ndani yake katika eneo bunge la Kilome. Mshindi sasa lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo katika angalau kaunti 24. Wanaofuatilia siasa za Marekani wanajua mfumo wa huko: karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote wa kumchagua rais, awe ameshinda kwa kura mia au kwa milioni. Ndiyo sababu wagombea wa Marekani hulala Pennsylvania na kupita mbio majimbo yaliyokwisha kuamua. Nchini Kenya, kura ya Makueni haibaki Makueni. Inachanganywa na ya Turkana na ya Mombasa katika kapu moja, kwa hiyo kaunti inayompa mgombea mmoja karibu kila kitu ina thamani kubwa kwake, mradi watu wajitokeze.

Na walijitokeza. Machi 2013, Kalonzo akiwa mgombea mwenza, karibu wapiga kura tisa kati ya kila kumi wa Makueni walimpa Raila. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akiwa ameukwepa mzunguko wa pili kwa kura elfu chache tu. Agosti 2017 picha ya Makueni ilikuwa ileile. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo Septemba 1 na Raila akajiondoa kwenye marudio ya Oktoba 26, wengi wa Makueni walikaa majumbani, na kukaa huko kulikuwa jibu.

Ukitazama asilimia hizo peke yake utasema watu hawa wanafuata kwa kufumba macho. Ndivyo wachambuzi wengi wa Nairobi wanavyosema, nami nakataa. Siku ileile ya Machi 2013 ambapo Makueni ilimpa Raila na Kalonzo kura zake, ilimchagua Kivutha Kibwana wa chama cha Muungano kuwa gavana, ikimwacha nje mgombea wa Wiper, chama cha Kalonzo mwenyewe. Majirani wa Sultan Hamud kwa upande wa Makindu, yaani eneo bunge la Kibwezi Magharibi, walimpeleka bungeni mgombea huru. Mtu mmoja, chumba kimoja, karatasi sita, na uamuzi tofauti kwa kila karatasi. Kura ya karibu nyumbani aliipima kwa kazi: maji, barabara, zahanati. Ya urais aliiona kama tiketi ya kabila zima kuingia serikalini, akaiweka mikononi mwa mtu mmoja. Hapo ndipo penye gharama. Kura ambayo kila mtu anajua itakwenda wapi haibembelezwi na yeyote. Anayeitegemea haihongi maendeleo, na asiyeitegemea haioni faida ya kupita.

Agosti 2022 ilileta ufa mdogo. Raila alimchagua Martha Karua kuwa mgombea mwenza. Kalonzo akaondoka Azimio, muungano wa Raila, kisha akarudi. Makueni ilimpa Raila takriban robo tatu, ikapungua kutoka tisa ya kumi. Kibwezi Magharibi ikamchagua Mwengi Mutuse wa Maendeleo Chap Chap, chama kilichokuwa upande wa William Ruto, na ndiye aliyewasilisha hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua mwaka 2024. Ruto alishinda kwa 7,176,141 dhidi ya 6,942,930. Kitaifa waliojitokeza walishuka hadi asilimia 65 hivi, kutoka karibu 80 mwaka 2017. Uchaguzi sasa uko Agosti, kiangazi, shamba likiwa kavu na Krismasi ikiwa mbali. Kijana wa Sultan Hamud anayeuza simu Nairobi au kubeba mizigo Changamwe, Mombasa, hana tena sababu ya kuwa nyumbani siku hiyo, na nauli ya basi haipungui kwa ajili ya demokrasia.

Raila alifariki Oktoba 2025. Mtu ambaye Makueni ilimpa kura zake za urais kuanzia 2013 hatakuwepo kwenye karatasi ya Agosti 2027, na Kalonzo anataka jina lake liwepo. Wagombea wa pande zote watapita kwenye barabara ya Mombasa, na safari hii ni vyema wakazi wawasimamishe. Maswali yapo tayari: maji kwa vijiji vinavyotazama bomba la mafuta likipita kuelekea Nairobi, kituo cha reli mpya kilichokwenda Emali badala ya kwao, bei ya ndengu wakati wa mavuno. Kabla ya hayo yote, kijana wa Changamwe aamue ataandikishwa wapi, kwa sababu akiandikishwa Kilome bila nauli ya kurudi, kura yake haitakuwepo kwenye kapu lolote.