Mizani ya Karani na Mizani ya Bosi

Ndugu wasikilizaji, kila yanapozungumzwa mambo ya uaminifu kazini, kidole cha kwanza humwelekea mdogo: karani, tarishi, mlinzi au msichana wa dukani. Leo naomba tupitie historia fupi ya Mkoa wa Mara, tuone kama kidole hicho kinaelekea mahali pake.

Nimepata barua ya kijana mmoja wa Musoma ambaye kazi yake ni kupima sangara mwaloni. Anasema bosi wake amemwagiza apunguze kilo moja katika kila tenga, eti ni uzito wa maji. Mvuvi hulipwa kwa kilo zinazobaki. Jioni bosi huhesabu fedha, na ikipungua hata shilingi elfu moja, inakatwa katika mshahara wa kijana. Sasa anauliza: akibakiza chenji ya barafu ili apate nauli ya kurudi nyumbani, je, naye ni mwizi?

Swali hilo ni la zamani kuliko kijana mwenyewe. Kabla ya Uhuru, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ambamo Bunda imo, walikuwa na kilio kimoja kikubwa, nacho ni mizani ya wanunuzi. Mkulima alilima msimu mzima, akabeba pamba yake hadi kituoni, kisha akapunjwa kwa dakika moja mbele ya macho yake kwa kuwa hakujua kusoma namba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake walipanga vijana waliosoma wasimame vituoni na kuangalia mizani kwa niaba ya wakulima. Katika juhudi hizo ushirika ulikua, na mwaka 1955 vyama vya kanda hiyo vikaungana katika shirikisho lililobeba jina la Ziwa Victoria, ambalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika.

Basi mizani ikawa mali ya wakulima wenyewe. Je, kupunjwa kuliisha? La hasha. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, na miongoni mwa yaliyoonekana ni watumishi wasio waaminifu na ajira za kujuana. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982.

Hapa tusimame kidogo, tumtazame karani wa pamba. Pamba ikikaa ghalani hukauka, na ikikauka hupungua uzito. Karani aliyepokea kilo elfu moja kijijini anaweza kuambiwa kiwandani kwamba zimefika pungufu, ingawa hakuiba hata punje. Kama mkubwa wake hataki kusikia habari ya kukauka, naye anajua kwamba upungufu utalipwa kwa mshahara wake, atafanya nini? Atampunja kila mkulima kidogo kidogo ili ajikinge. Ziada ikipatikana, msimu unaofuata hatajikinga tena, atakula. Hivyo ndivyo kanuni mbovu ya ofisini inavyoweza kumfundisha wizi mtu aliyeingia kazini akiwa safi.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilitambua jambo hili. Oktoba mwaka huohuo wa 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu aliwatimua, lakini hakuishia hapo. Alijigeukia mwenyewe, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba. Angalieni masharti hayo yalimlenga nani. Yaliwabana viongozi na watumishi wa ngazi za juu na za kati. Hayakuanzia kwa tarishi.

Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume ya kuchunguza rushwa, akamkabidhi Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda. Tume hiyo ilitenganisha makundi mawili: wanaopokea rushwa kwa sababu kipato chao hakitoshi, na wakubwa ambao kipato kinawatosha lakini wana tamaa. Kutenganisha si kusamehe. Mgonjwa aliyedaiwa chochote na mhudumu mwenye njaa ametozwa vilevile. Lakini daktari asiyejua chanzo cha ugonjwa hawezi kutibu.

Kwa hiyo kijana wa Musoma nitamjibu hivi. Chenji ya bosi si yako, hata kama bosi mwenyewe si mwaminifu. Irudishe, na nauli idai waziwazi. Pili, fanya kama wale vijana wa Bomani: simamia mizani. Pima tenga tupu lililolowa mbele ya mvuvi na mbele ya bosi, uandike. Kama maji yana uzito wa robo kilo, ikatwe robo kilo, si kilo nzima. Huenda ukapoteza kibarua, nami sitakudanganya kwamba hilo ni jambo dogo.

Nanyi mabosi, mnaomkata kijana elfu moja iliyopotea, mmepata kuhesabu kilo mlizomwagiza azipoteze? Mtumishi aliyefundishwa kumwibia mvuvi asubuhi, jioni hahitaji mwalimu mwingine wa kumwibia bosi. Tusimpime karani kwa mizani ambayo bosi hataki kuipanda.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.