Sista Daktari wa Ndanda



Ukitoka Mtwara kwenda Masasi, ukishapita Mingoyo na Nyangao unafika Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Wengi wanaijua Ndanda kwa hospitali yake. Wachache wanalijua jina la Thekla Stinnesbeck.

Wabenediktini wa Kijerumani walianzisha misheni hiyo mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akafika hapo Thekla. Alikuwa mtawa, na alikuwa daktari. Mambo hayo mawili yalikuwa nadra kukutana kwa mtu mmoja.

Kwa nini? Sheria za Kanisa Katoliki wakati huo zilimkataza mtawa kutibu kama daktari bila kibali cha Roma, na kazi ya kuzalisha ilihesabiwa kuwa haimfai kabisa.

Sasa tafakari. Mama ana uchungu tangu juzi, na mkunga wa kijiji amefika mwisho wa ujuzi wake. Kumvulia nguo daktari mwanamume ni aibu ambayo wengi waliona heri kufa nayo. Wahenga hawakukosea waliposema mjamzito mguu mmoja uko kaburini.

Hali hiyo haikuwa ya kusini kwetu tu. Daktari Anna Dengel wa Austria aliiona kule Rawalpindi, katika Pakistan ya leo, akaipigia kelele Roma miaka mingi. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ikatoa waraka wa kuwaruhusu masista wa misheni kusomea udaktari na ukunga. Wakati huo Thekla alikuwa Ndanda kwa miaka kadhaa. Kazi ilitangulia, ruhusa ikafuata.

Mwanamke wa kwanza Mtanzania kuhitimu udaktari, Esther Mwaikambo, alihitimu Moscow mwaka 1969, zaidi ya miaka 30 baada ya waraka ule. Si kwamba akili za mabinti zetu zilichelewa. Milango ndiyo iliyochelewa kufunguliwa.

Kwa hiyo mzazi anayemtoa binti yake shuleni kwa kuwa ameshachezwa unyago, akidai ndiyo desturi, akumbuke Ndanda. Desturi imewekwa na watu, na watu wanaweza kuiondoa. Mama aliye katika uchungu hawezi kungoja waraka.