Al-qily: Neno Lililotoka Majivuni

Neno alkali, liandikwalo leo katika vitabu vya kemia ulimwenguni kote, halikuzaliwa maabarani. Ni al-qily ya Waarabu, yaani majivu ya vichaka vya nchi za chumvi, vilivyochomwa zamani ili kupata sabuni na kioo. Hata herufi K, alama ya potasiamu, asili yake ni humo. Basi mmea ndio ulioupa udongo wa magadi jina lake. Na wataalamu walipotaka kuufahamu udongo huo, iliwabidi wamrejee shahidi yule yule.

Eugene Hilgard, mzaliwa wa Ujerumani, alifika California mwaka 1875. Huko walowezi walikuwa wakimwagilia mashamba mapya. Maji yakainua chumvi iliyolala chini hadi usoni mwa ardhi, na mazao yakanyauka. Hilgard alitenga alkali nyeupe, yenye chumvi za kawaida, na alkali nyeusi, ambayo ni magadi hasa: huyeyusha mboji na kuacha doa jeusi, na udongo hukaza hata maji yasipenye. Ya kwanza huoshwa kwa maji matamu, mradi yapate pa kutokea. Ya pili hutaka jasi kwanza. Anayekosea baina ya hizo mbili hupoteza shamba, na ndiyo maana alisisitiza kuwa uoto wa asili usomwe kabla ya jembe kupita, nao usomwe kwa jumla yake, si mmea mmoja mmoja.

Mwaka 1914 Kearney, Briggs, Shantz na wenzao walichapisha uchunguzi wao wa bonde la Tooele, Utah, kando ya Ziwa Kuu la Chumvi. Palipoota Artemisia, jamaa ya pakanga yetu, ardhi ilifaa kulimwa. Palipoota Sarcobatus chumvi ilikuwamo, na mkulima alihitaji maji ya kuiosha. Penye Salicornia, heri apite zake. Kwa masikini asiye na fedha za kupimia udongo, ujuzi huo ulikuwa akiba ya miaka ya jasho.

Shantz huyo huyo alisafiri Afrika mwaka 1919 na 1920, kutoka Rasi hadi Kairo, na mwaka 1923 akatoa pamoja na Marbut kitabu cha uoto na udongo wa bara hili.

Kwetu lakini ushahidi wataka kuhojiwa. Mswaki huvumilia chumvi, ila huota hata pasipo chumvi; huyo ni shahidi dhaifu. Suaeda monoica ni mkweli zaidi, nayo huota nyuma ya mikoko ya pwani, ikaota pia kando ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kichaka ni kile kile, majani yake yale yale manene. Pwani chasimama juu ya chumvi ya bahari, bara juu ya magadi. Chumvi ipo, chasema. Ni ipi, hakisemi, na hapo mkulima huinama akatazama kama udongo una doa jeusi.