Vita vya mbegu 64: mchezo wa zamani ambao mateka hatoki nje

Mnaujua ule mchezo wa mashimo. Unachimba udongoni mistari minne, kila mstari mashimo manane, kisha unatafuta mbegu au mawe madogo 64. Wawili wanakaa wakitazamana, wengine wanasimama nyuma na kutoa ushauri ambao hawakuombwa. Leo tuzungumzie mchezo huo, maana ni mchezo wa vita, na una la kutuambia juu ya vita vya kweli vilivyopita hapa kwetu, kuanzia ukingo wa ziwa hadi bonde la Ruzizi.

Majina yake ni mengi. Ng'ambo ya mpaka, Warundi wanauita urubugu na Wanyarwanda igisoro. Waganda wanasema omweso. Zanzibar na pwani yote wanasema bao, na mbegu wanaziita kete. Sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi, lakini mifupa ni ileile. Kila mchezaji ana mistari miwili na mbegu 32. Anachota mbegu za shimo moja, anazipanda mojamoja katika mashimo yake, na mbegu ya mwisho ikiangukia mahali panapofaa, anakamata zile za adui zilizo mbele yake. Anayebaki bila njia ya kucheza ameshindwa.

Mchezo wa jamaa hii ni wa siku nyingi. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyeongoza kituo cha Wafaransa kule Madagaska, alieleza mmoja wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1658. Kwa hiyo karne ya 18 ilipofika, wazee wa upande huu wa Afrika walikuwa na mchezo wao wa vita tayari.

Wazungu nao walikuwa wanatafuta wa kwao. Mwaka 1780, katika mji wa Braunschweig, Ujerumani, mwalimu wa hesabu Johann Christian Ludwig Hellwig alitoa mchezo wa kuwafundisha vijana wa ikulu mambo ya vita. Aliutoa katika sataranji, ile ambayo Wafaransa wanaiita échecs, lakini meza yake ilikuwa kubwa mno: vyumba 1,617, vyenye rangi za kuonyesha mlima, maji, msitu. Mwaka 1824 jeshi la Prussia likapata mchezo mwingine wa aina hiyo, wa afisa Reisswitz, likautumia kuwafundisha maafisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kupigana nyumbani kwa askari wadogo wa madini. Alisema wazi kwamba vita vidogo hivyo ni afadhali kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata vita kubwa ya dunia ikaanza.

Hata leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaopaka rangi vikosi vidogo vya karne ya 18, vya mfalme Frederick wa Prussia na adui zake, wakavipanga mezani na kurusha dadu. Si jambo baya, ni kazi ya mikono na ya akili. Lakini hapo ndipo tofauti inapoonekana. Katika sataranji, kipande kilicholiwa kinatolewa. Askari mdogo wa mezani akipigwa, anaondolewa na kulazwa pembeni. Hesabu yake imekwisha.

Kwenye mchezo wetu, mbegu iliyokamatwa haitoki. Yule aliyeikamata anaipanda upande wake, na zamu inayofuata inapiga kule ilikotoka. Mwanzo mbegu ni 64, mwisho ni 64. Hakuna iliyokufa. Zimebadilisha mwenyewe tu.

Sasa tazameni historia yetu. Mwishoni mwa karne ya 18 Mwami Ntare Rugamba alishika utawala Burundi, akapanua nchi kwa vita. Jina lenyewe lina vita ndani yake: urugamba ni pigano. Baadaye, katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliokaa Ujiji walipanua mikono hadi huku kaskazini mwa ziwa. Mkubwa wao alikuwa Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza. Wengi waliokamatwa walipelekwa mbali. Lakini wengine, hasa vijana, walipewa bunduki na kutumwa kukamata wenzao.

Mfano unaojulikana zaidi uko magharibi yetu, upande wa Lomami. Ngongo Lutete alikamatwa akiwa mtoto, akawa mtumwa, kisha akapanda hadi kuwa mkuu wa vita wa Tippu Tip. Mwaka 1892 akahamia upande wa Dola la Leopold II, na watu wake wakapigana na mabwana wake wa zamani. Mwezi wa tisa 1893 maafisa wa Dola hilo wakamshtaki usaliti, wakampiga risasi kule Ngandu. Mbegu moja, mikono mitatu.

Vita ya 1914 ilipofika kwetu, Ruzizi ikawa mstari kati ya Wabeleji na Wajerumani, hadi mwezi wa sita 1916 Wabeleji walipoingia Usumbura. Makamanda walikuwa Wazungu. Waliobeba bunduki na mizigo, pande zote mbili, kwa wingi walikuwa Waafrika.

Na yaliyo karibu zaidi mnayakumbuka wenyewe. Baada ya mapatano ya Sun City, kuanzia 2003 serikali ya mpito iliwachanganya katika jeshi moja watu waliokuwa wakipigana, ile iliyoitwa brassage. Tangu hapo tumeona vijana wanaotoka kundi moja na kuingia lingine. Tunapowaita adui, tujue kwamba mama mmoja anaweza kuwa na mtoto mmoja huku na mwingine kule.

Mchezo haufundishi kila kitu. Mbegu haina mama, haina shamba lililoachwa, haisikii baridi usiku chini ya hema. Na michezo yote inaisha kwa namna moja: wachezaji wanarudisha 32 kwa 32, wanaanza upya wakiwa sawa. Baada ya vita vya kweli hakuna anayeturudishia 32 zetu. Wale waliochukuliwa wanapaswa kuulizwa, kutafutwa na kupokelewa, mmoja mmoja, na watu wenye subira. Kijana aliyetoka porini si mbegu ya adui kwa sababu tu alipandwa upande ule.

Kwa familia zilizovuka Ruzizi mwaka 2025 zikalala kwenye uwanja wa Rugombo, kisha zikapelekwa Musenyi, na kwa wote waliohama makwao: ubao wa mti hauhitajiki, udongo unatosha. Wazee, wafundisheni watoto. Wataizoea hesabu, wataizoea subira ya kungoja zamu, na watakaa chini pamoja na mtoto wa lugha nyingine ambaye sheria hizi anazijua pia.

Tunaomba pia mtuambie: kwenu mnauitaje mchezo huu, kwa Kifuliru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge au Kirundi? Sheria zenu ni zipi? Mzee anayezijua akiwa bado nasi, tuzikusanye sasa.